Kuisaka Shoti Ndani ya Kuta za Mji wa Kale

Mvua za masika zikishashika Mombasa, mafundi wa stima wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, mitaa ya Mji wa Kale, hawapati kupumzika. Inanyesha usiku kucha, na kukipambazuka simu zinaanza kulia: breka imeanguka na kila ikipandishwa inaanguka tena, swichi ya ngazini inamrusha mtu, chumba cha nyuma kinanuka plastiki iliyoungua. Nyumba ni ile ile iliyokaa salama kaskazi nzima. Nyaya ni zile zile. Kilichogeuka ni ukuta, ambao sasa umelowa.

Ukuta wenyewe unataka kufahamika kwanza, maana fundi aliyezoea nyumba za bloku za Nyali na Bamburi akivuka kuja kisiwani hudanganyika. Nyumba kongwe za hapa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapigwa lipu ya chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na chumvi imejaa humo. Upepo wa bahari huongeza nyingine kila siku. Chumvi huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kisanduku cha swichi kilichozamishwa ndani ya ukuta wa namna hiyo hukaa kwenye ubichi miaka na miaka.

Humo ndimo shoti inamozaliwa, na haizaliwi kwa siku moja. Skrubu zinaanza kushika kutu. Utando mwembamba wa maji na chumvi unajitandaza juu ya plastiki, kati ya ncha ya laivu na ncha ya nyutro, au kati ya laivu na kisanduku cha chuma. Umeme kidogo sana unapenya juu ya utando huo, joto lake linakausha maji, cheche inaruka, na plastiki inaungua na kuacha mstari mweusi mwembamba. Mstari huo ni makaa, na makaa nayo hupitisha umeme. Mvua inayofuata inakuta njia imekwisha kutengenezwa, inaipanua kidogo, na mambo yanaendelea hivyo hadi siku laivu na nyutro zinapokutana uso kwa uso.

Zikikutana, hesabu yake si ngumu. Stima ya Kenya huingia nyumbani kwa volti 240. Ikiwa njia nzima ya shoti, kutoka kwenye transfoma hadi nyaya zilipogusana na kurudi, ina ukinzani wa omu 1 tu, mkondo unaopita ni ampea 240. Waya wa soketi wa milimita mraba 2.5 umekusudiwa kubeba ampea ishirini na kitu. Breka nzima hukata kufumba na kufumbua. Pasipo breka, au penye breka iliyochezewa, waya huwaka ndani ya ukuta na moto hutafuta mbao, nazo hazikosekani: boriti, ngazi, roshani, fremu za milango. Vichochoro vya huku ni vyembamba kiasi kwamba vingi haviingizi hata gari dogo, sembuse gari la zimamoto.

Umeme wenyewe ulitufikia kwa njia ya Unguja. Historia ya shirika la umeme inaanzia kwa Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, aliyepata jenereta mwaka 1875 ili kuangaza kasri lake na mitaa iliyolizunguka. Mwaka 1908 jenereta hiyo ikachukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikazaliwa kampuni ya kuuza umeme kisiwani. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting, iliyobadilishwa jina mwaka 1983 kuwa Kenya Power and Lighting. Yaani zipo nyumba za Mji wa Kale ambazo zimekuwa zikitiwa nyaya kwa zaidi ya karne, kila kizazi na zake, na mara nyingi kizazi kipya hakikung'oa za kizazi kilichotangulia.

Ndiyo maana fundi akifungua kisanduku kimoja tu kwenye nyumba ya urithi anaweza kukuta tabaka tatu za nyaya. Zipo zilizovishwa mpira na kitambaa, na mpira wake umekauka hata ukiugusa unapukutika mkononi. Zipo za plastiki za wakati wa uhuru na baada yake. Na zipo zilizoongezwa juzi, baada ya nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja kugawanywa vyumba vya kupangisha: waya mwembamba wa ekstensheni umepitishwa juu ya mlango, ukafungwa kwa gundi ya karatasi, ukaachiwa kubeba friji, pasi na birika la umeme.

Rangi zinazidisha tatizo. Kwa mtindo wa zamani wa Waingereza tuliourithi, laivu ilikuwa nyekundu, nyutro nyeusi, na waya wa ardhi kijani. Mtindo mpya unataka laivu ya kahawia, nyutro ya buluu, na waya wa ardhi wa kijani na manjano. Kwenye umeme wa fezi tatu mambo yanazidi kuchanganya, kwa kuwa buluu iliyokuwa fezi zamani sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Nyumba yenye mitindo yote miwili haimruhusu fundi kuamini macho yake. Lazima apime kila waya kabla ya kuuunga, na kijana anayeunga kwa kufuata rangi peke yake asipewe kazi katika nyumba hizi.

Tuseme sasa breka imeanguka. Huku mtaani kila hitilafu huitwa shoti, lakini anayetaka kuipata lazima atenganishe mambo matatu. Ikiwa breka ya sakiti moja inaanguka papo hapo, kwa kishindo, mara tu inapopandishwa, hiyo ndiyo shoti yenyewe: laivu imegusana na nyutro au na waya wa ardhi. Ikiwa inasimama dakika kadhaa kisha inaanguka, hasa wakati wa kupika au kupiga pasi, huo ni mzigo kuzidi, na kutafuta shoti ni kupoteza muda. Na ikiwa kinachoanguka ni ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayolinda watu, basi umeme unavujia ardhini. Breka hiyo kwa kawaida hukata uvujaji ukifika mili-ampea 30, kiasi kidogo sana ambacho hakiwezi hata kupasha waya joto lakini kinatosha kumuua mtu kikimpita kifuani. Fundi mzuri akifika hufungua mdomo kabla ya kufungua mfuko. Inaanguka saa ngapi? Mvua ikinyesha au hata kukiwa kukavu? Nani alipigilia msumari, nani alipaka rangi, nani alihamisha friji?

Kuna watu wanaoielewa kazi hii ya kusaka kwa sababu wanaishi na shoti mezani kwao: wale wanaojenga reli za mfano. Ulaya, Marekani na Japani watu wazima hujaza vyumba vizima kwa vitreni, stesheni na madaraja yaliyopunguzwa kwa vipimo sahihi. Katika kipimo kinachopendwa zaidi, cha 1 kwa 87, reli mbili zinaachana kwa milimita 16.5. Reli moja ni chanya na nyingine ni hasi, na injini huchota umeme kupitia magurudumu yake. Ndiyo kusema pale mezani kuna nyaya mbili tupu, mamia ya mita wakati mwingine, zimelazwa sambamba bila kufunikwa. Bisibisi iliyosahauliwa juu yake ni shoti. Behewa lililotoka relini ni shoti. Gurudumu ambalo kizuizi chake cha plastiki kwenye ekseli kimepasuka ni shoti inayotembea, inayotokea hapa ikapotea kule. Na reli ikizunguka na kurudi kujiunga na yenyewe, ile ya kulia hufika na kuungana na ya kushoto, hata kama mjenzi hakukosea kuunga waya wowote.

Inafaa kusema hapa kwamba kwenye reli kubwa za kweli shoti imefanywa mlinzi. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alisajili mfumo wa kupitisha umeme mdogo ndani ya reli zenyewe. Treni ikiingia kwenye kipande hicho, ekseli zake za chuma zinaunganisha reli mbili, umeme unakatika kabla ya kufika kwenye kifaa cha ishara, na taa inakuwa nyekundu kumzuia anayekuja nyuma. Reli ikivunjika, taa pia inakuwa nyekundu. Sijui uvumbuzi mwingi uliookoa watu wengi kwa ujanja mdogo kiasi hicho.

Wajenzi wa reli za mfano hawana mzaha na jambo moja: meza nzima haiwi kipande kimoja. Reli hukatwa vipande, kila kipande kikawa na swichi yake, ili shoti ikitokea waweze kuzima nusu ya meza na kuuliza kama tatizo limebaki. Likibaki, limo kwenye nusu inayowaka. Likiondoka, limo kwenye nusu iliyozimwa. Kisha nusu yenye tatizo inagawanywa tena. Na mwenye vipande 16 hahitaji kupima mara 16. Akigawa nusu kwa nusu, mara 4 zinamfikisha penyewe.

Niliiona njia hiyo hiyo ikifanya kazi katika nyumba moja ya Kibokoni ambayo breka yake ya uvujaji ilikuwa haisimami tangu mvua zianze. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubadilishiwa soketi mbili na swichi tatu na fundi wa kwanza bila faida, kwa kubahatisha. Fundi huyu wa pili, mtu mzima mwenye miwani, alianza kwa kuwaomba watu wa nyumbani wachomoe kila kitu: friji, televisheni, chaja za simu, hata taa ya kitandani. Breka ikaanguka bado. Basi vyombo havikuwa na kosa. Akashusha breka zote ndogo, akapandisha kubwa, ikasimama. Kisha akazipandisha zile ndogo moja moja, akingoja kidogo kati ya moja na nyingine. Ilipofika zamu ya taa za orofa ya juu, zima.

Mtu mwenye haraka angeanza kubomoa lipu hapo. Yeye aliuliza waya wa taa za juu unapita wapi, akachora kwenye bahasha ya zamani: kutoka kwenye boksi la chini ya ngazi, kupanda, kupita ukumbini, kuingia vyumba viwili, kuishia darini. Akazima umeme wote, akahakikisha kwa kipimo kwamba umezimika kweli, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha maungio kilichokuwa katikati ya safari hiyo. Akaachanisha nyaya na kupima pande zote mbili. Upande wa ngazi ulikuwa mzima. Upande wa vyumba ulikuwa mbovu. Akaenda katikati ya upande mbovu, akaachanisha tena. Kufikia hapo kilichobaki kilikuwa kipande cha ukuta cha mita chache, kati ya ukumbi na swichi ya chumba cha nyuma.

Juu ya swichi ile, kwenye mstari ulionyooka kwenda darini, palitundikwa fremu ya Ayatul Kursi. Waya unaoingia kwenye swichi kwa kawaida hushuka wima, na msumari wa fremu ulikuwa umepigiliwa katikati ya mstari huo. Akaishusha fremu kwa mikono miwili, akaikabidhi, akauvuta msumari. Ncha yake ilitoka ikiwa imevimba kwa kutu. Ulikuwa umepasua ganda la waya ukapita kati ya laivu na waya wa ardhi bila kuzigusa sawasawa. Kaskazi yote ukuta ulikuwa mkavu na pengo lile dogo lilitosha. Masika ilipolowesha ukuta, kutu na maji vikaliziba.

Msumari ulipotoka, kipimo kilipanda, na mwenye nyumba akadhani kazi imekwisha. Fundi alikataa kuufunga ukuta. Ganda lililotobolewa halizibiki, na kipande kile cha waya kikabadilishwa chote.

Kipimo alichotumia ni kile mafundi wanachokiita mega. Maltimita ya kawaida hupima kwa volti chache za betri yake, na mara nyingi utando wa unyevu hauonekani kwa nguvu hiyo ndogo. Mtu hupima, akaona kuzuri, akarudisha stima, breka ikaanguka. Mega husukuma volti 500 kati ya nyaya zilizotenganishwa na umeme, ikaonyesha ganda linazuia kiasi gani. Chini ya megaomu 1 waya haukubaliki. Waya mpya mkavu husoma mamia. Kabla ya kuitumia, taa za LED na vyombo vyote vya elektroniki lazima viondolewe kwenye sakiti, kwa sababu volti 500 zitaviua.

Asiye na mega ana bulbu. Mafundi wa redio wamekuwa wakiitumia miaka mingi: bulbu ya waya, ile ya zamani yenye uzi unaowaka, huungwa kwa sirisi kwenye njia ya umeme unaokwenda kwenye kitu kinachoshukiwa. Kukiwa na shoti, bulbu inawaka kwa nguvu zake zote na mkondo hauwezi kupita kiasi inachokula yenyewe. Bulbu ya wati 100 haipitishi hata nusu ampea. Shoti ikiondolewa, mwanga unafifia, kwa hiyo anayetafuta anaweza kutikisa waya huku na huku akitazama taa. Wajenzi wa reli za mfano wana taa hiyo hiyo chini ya meza zao, ila yao hutoka kwenye breki ya gari, ya volti 12. Bulbu za LED hazifai kwa kazi hii, na zile za uzi zinazidi kuwa adimu madukani, hivyo anayeona moja ainunue aiweke. Hata hivyo hiyo ni kazi ya fundi, maana sakiti inayopimwa kwa bulbu inakuwa hai.

Mwenye nyumba anaweza kufanya sehemu ya mwanzo: kuchomoa vyombo, kushusha breka zote, kupandisha moja moja, kuandika ni ipi inayoanguka na wakati gani. Habari hizo zinampunguzia fundi kazi kubwa na zinapunguza bili. Kufungua visanduku na kugusa nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati chini ya sheria ya mwaka 2019. Muombe akuonyeshe leseni yake, na mtu wa kazi hachukii kuulizwa. Tatizo likiwa upande wa nje ya mita, kwenye waya unaotoka nguzoni, hilo ni la Kenya Power, na namba yao ya dharura ni 97771.

Kuna tabia moja ambayo imeharibu nyumba nyingi kuliko mvua. Fyuzi ikikatika, mtu anaweka uzi mnene zaidi, au kipande cha waya wa shaba, au msumari. Breka ikianguka, mtu ananunua kubwa zaidi. Ya ampea 10 inabadilishwa ya 20, ya 20 inabadilishwa ya 32, na waya uliomo ukutani ni ule ule mwembamba wa taa. Breka sasa haianguki, na watu wanashukuru. Umeme unaendelea kula waya, na joto linapanda pale ambapo hakuna anayepaona.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na anayetaka kubadilisha sura ya jengo lake hutakiwa kuomba kibali. Milango ya nakshi na roshani vimepewa heshima yake, na vinastahili. Ninachoomba ni nyaya nazo ziingie kwenye mazungumzo ya hifadhi, kwa sababu zinaharibu jengo hata kabla hazijawaka. Fundi akitaka kuficha waya huchimba mfereji kwenye lipu ya chokaa, akaulaza, kisha akauziba kwa saruji. Chokaa hupumua: maji yanayoingia ukutani hutoka tena kukikauka. Saruji huyazuia. Unyevu hukusanyika nyuma ya ule mstari wa saruji, mahali hasa ulipolazwa waya, chumvi inajikusanya, lipu inavimba na kubanduka, na visanduku vinaoza. Kupitisha waya ndani ya paipu juu ya ukuta, ukifuata pembe ya dari na boriti, kunaonekana kidogo lakini kunakaguliwa kwa urahisi na kunaondolewa bila kubomoa kitu. Penye ulazima wa kuchimba, mfereji uzibwe kwa chokaa.

Kazi ikiisha, fundi asiondoke bila kuacha hesabu. Ndani ya mlango wa boksi la stima ibandikwe karatasi yenye jina la kila sakiti, njia unayopita waya wake, ukubwa wa breka yake na kipimo cha mega cha siku hiyo, pamoja na tarehe. Mwaka unaofuata, kabla ya masika kuanza, apime tena na kuandika pembeni. Sakiti iliyosoma megaomu 200 ikashuka kuwa 40, kisha 6, inatafutwa na kutengenezwa mwaka huo huo, ikiwa bado inawasha taa na breka yake haijaanguka hata mara moja.